Dagaa Hawaki, Anametameta

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja nusu sentensi tu kuhusu "ule mradi wangu wa samaki wa bandia", na tangu hapo ujumbe hauishi. Wengine mmedhani natania. Sitanii. Safu ya leo ni ya huyo samaki, na ni ya kitenzi kimoja ambacho nimekitumia vibaya tangu utoto bila mtu kunisahihisha.

Ilianzia ofisini. Tuko ghorofa ya 14 hapa Sandton, na kutoka hapa hadi bahari ya Durban ni zaidi ya kilomita 500. Mwenzangu mmoja kazini, kila mwaka akipata likizo, huendesha gari hadi Ziwa Kariba kuvua taigafishi, yule samaki mwenye mistari myeusi na meno kama misumari. Siku hiyo wakati wa chakula cha mchana akatoa mfukoni chambo cha bandia: kisamaki cha plastiki chenye taa nyekundu tumboni. Kikiingia majini, taa inawaka yenyewe. Au tuseme ilikuwa inawaka. Betri imekufa, na haibadilishiki, maana imezibwa ndani ya plastiki. Kwa hiyo unatupa samaki mzima na kununua mwingine.

"Wewe si injinia?" akaniambia. "Nitengenezee kinachowaka bila betri."

Nikamuuliza kinamwigiza samaki gani. Akasema: kapenta.

Sasa, kama umekulia Joburg, kapenta umemwona. Amekaushwa, yuko kwenye mifuko ya plastiki sokoni, anauzwa kwa Wazambia, Wazimbabwe na sisi wengine tunaojipendekeza. Lakini kapenta wa Kariba si mwenyeji wa pale. Kariba yenyewe ni ziwa la kutengenezwa, lilitokea baada ya mto Zambezi kuzibwa kwa bwawa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1967 na 1968 samaki hao wadogo walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kariba, wakazaana. Kitaalamu wanaitwa Limnothrissa miodon, mojawapo ya aina mbili za samaki ambao sisi tunawaita kwa jina moja tu: dagaa wa Kigoma.

Yaani jamaa ananiomba nimtengenezee dagaa. Mimi! Mama yangu ni mtu wa Kigoma. Mjomba, kaka yake mama, anavua hadi leo, mtumbwi wake unalala Kibirizi. Kila Desemba mtu akija huku analeta dagaa kwenye sanduku, na nguo zake zote zinanukia ziwa hadi Februari. Nikajiambia, hili nalijua kutoka damuni. Kumbe damu haijui kila kitu.

Nikaanza kwa kusoma, si unajua tulivyo watu wa vyeti. Na niwaambie, binadamu walivua kwa chambo chenye mwanga kabla betri hazijazoeleka mashuani. Visiwa vya Banda, Indonesia, kuna samaki mwenye kiungo chenye mwanga chini ya jicho. Mwanga huo unatokana na bakteria wanaoishi humo ndani. Wavuvi walikuwa wanakikata kiungo hicho na kukitundika kwenye mshipi karibu na ndoano, na kiliendelea kutoa mwanga kwa saa kadhaa. Sesimbra, Ureno, mwaka 1912 mwanasayansi Balthazar Osório alieleza jinsi wavuvi walivyochukua kipande cha nyama ya samaki, wakakisugua kwenye tumbo la samaki mwingine wa kina kirefu, kikapakwa ute unaong'aa. Kisha kwenye ndoano. Hakuna waya, hakuna duka.

Siku hizi kuna vijiti vya kemikali, vile unavyovikunja vikatoa mwanga, kama vya harusini. Wavuvi wa bahari kuu huvifunga kwenye mishipi mirefu. Tatizo ni kwamba kijiti kinatumika usiku mmoja, halafu ni takataka, na vingi vimeokotwa ufukweni mbali na mahali vilipotupwa.

Njia ya tatu tayari ilikuwa kazini kwetu. Mnakumbuka mgao wa umeme wa 2023? Jioni moja jenereta ya jengo ilikataa kuwaka, tukashuka ngazi ghorofa zote 14 gizani. Kwenye kingo za ngazi kulikuwa na mistari ya kijani iliyotuongoza hadi chini. Haina waya wala betri. Ni unga uliochanganywa kwenye rangi, unakunywa mwanga wa taa mchana kutwa, na giza likiingia unautema polepole.

Unga wa zamani ulikuwa zinki salfaidi yenye shaba kidogo, na ulichoka haraka. Mwaka 1993 watu wa kampuni ya Nemoto, Japani, walipata ulio bora zaidi: strontiamu aluminati, iliyotiwa chembe za uropiamu na disprosiamu. Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Mwanga ukiupiga unga huu, elektroni zinaruka, na ndani ya unga kuna mitego inayozinasa. Joto la kawaida tu linazifungua moja moja, na kila inayorudi mahali pake inaacha chembe ya mwanga. Kwa hiyo kabla mtego wangu haujamnasa samaki, ndani yake kuna mitego mingine isiyohesabika iliyokwisha kunasa taa. Nilipenda hapo, aisee.

Nikaagiza unga. Nikachora samaki wa sentimita 8, nikachapa umbo lake kwa printa ya 3D, nikatengeneza kalibu ya silikoni, nikamimina resini iliyochanganywa na unga. Samaki wa kwanza alitoka na tumbo zito na mgongo mtupu, kwa sababu unga una uzito zaidi ya mara tatu ya maji na unazama kabla resini haijaganda. Ikabidi nigeuzegeuze kalibu kama anayechoma mahindi. Pia unga huu ukikutana na maji moja kwa moja unaharibika, lazima ufunikwe vizuri. Wa nne ndiye aliyetoka safi. Nikammulika dakika moja kwa tochi ya simu, nikazima taa za jikoni. Aliwaka mwili mzima, kijani kibichi, kuanzia pua hadi mkia. Nilijiona Mjapani.

Saa nne usiku nikashuka naye kwenye bwawa la kuogelea la hapa tunapoishi. Nikamfunga kwenye uzi, nikawa namvuta toka upande huu hadi ule. Mlinzi wa zamu akaja kuona kuna nini. Ni kaka mmoja mzaliwa wa Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa lilelile. Tunasalimiana Kiswahili kila asubuhi, kila mmoja kwa lafudhi yake.

"Dada, hiyo ni nini?"

"Ni dagaa."

Akasimama pale muda mrefu, mikono nyuma. "Dagaa ni ndagala, si ndiyo? Ile si ndagala, dada. Ile ni taa."

Nikacheka. Lakini nilipopanda lifti nilikuwa sicheki tena.

Asubuhi nikampigia mjomba kwa WhatsApp, picha ikikatika kila baada ya sekunde tatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kwa akina Mandela?"

"Hatujambo. Mjomba, nataka kukuuliza kitu. Dagaa usiku wanawakaje?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikamsikia akimwita mtu aliyekuwa karibu naye: "Njoo usikie huyu. Anauliza dagaa wanawakaje. Wamevutiwa umeme lini hawa?" Wakacheka wote wawili hadi simu ikatetemeka. Alipotulia akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu:

"Kinachowaka ni karabai. Dagaa hawaki. Anametameta."

Nimekuwa naifikiria sentensi hiyo kwa miezi. Kichwani mwangu nilianza na neno moja la Kiingereza, nikalitafsiri "kuwaka", basi, nikafunga daftari. Nyumbani tulisema taa inawaka, moto unawaka, na kwangu kila kitu chenye mwanga kiliwaka. Lakini Kiswahili kimegawa kazi. Kinachowaka kina moto au nguvu yake chenyewe. Kinachong'aa kina mwanga uliotulia, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kinachomulika kinapeleka mwanga mahali fulani. Na kinachometameta, mwanga wake unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, kadiri kinavyogeuka. Vitenzi vinne. Mimi nilikuwa na kimoja, na nilikitumia kutengeneza samaki.

Sayansi iko upande wa mjomba. Magamba ya samaki wadogo wa aina hii yana fuwele nyembamba za kitu kinachoitwa guanini, zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama vioo. Hazizalishi mwanga, zinarudisha mwanga uliopo, wa mwezi au wa karabai. Baharini ni habari nyingine. Kule kuna vijidudu vinavyotoa mwanga maji yakitikiswa, hivyo samaki akikimbia anajichora gizani. Kwenye maji baridi viumbe vinavyotoa mwanga karibu havipo. Anayejulikana zaidi ni konokono mdogo wa mito ya New Zealand. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, na dagaa wake ni vioo tu vinavyoogelea. Nilikuwa nimeiga bahari, nikataka kuipeleka ziwani.

Nikarudi kwa mjomba, safari hii na kalamu. Naandika aliyoniambia kama alivyoyasema.

Kwanza, mgongo wa dagaa ni mweusi. Ukiangalia toka juu, humwoni. Mgebuka, yule samaki mrefu anayewala dagaa, anakuja toka chini, na toka chini anaona kivuli dhidi ya mwanga wa karabai. Pili, ubavu unarudisha mwanga pale tu dagaa anapogeuka, na anageuka mara moja, kisha anapotea. Tatu, na hili ndilo lililonibadilisha: "Mgebuka hahangaiki na dagaa mzima. Anamtaka anayeyumba. Anayeyumba anametameta sana, kwa sababu hawezi kujishika wima."

Yeye mwenyewe kwa migebuka anatumia mshipi wenye ndoano kadhaa, kila ndoano imefungwa nyuzi nyeupe zilizochambuliwa kutoka kiroba cha sandarusi. Hamna chambo kingine. Anaushusha chini ya mwanga, anaupandisha kwa mkono, anaushusha.

Basi nikaanza upya, na safari hii kazi kubwa ilikuwa kupunguza mwanga. Samaki mpya ana mgongo uliopakwa rangi nyeusi. Ubavuni nimebandika vipande vya karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti, kila kimoja kimeinama kidogo tofauti na mwenzake, ili visirudishe mwanga kwa wakati mmoja. Unga upo, lakini ni mstari mmoja tu wa milimita 3, karibu na tumbo, upande wa kushoto peke yake. Ndani kuna gololi ya chuma iliyowekwa pembeni badala ya katikati. Ukimvuta, anajiviringisha: mstari unaonekana, unajificha, unaonekana, unajificha. Hakuna swichi, hakuna saketi. Anayumba tu, na kuyumba kwake ndiko kunakomfanya ametemete.

Mwanga wa unga una tabia yake pia. Dakika chache za mwanzo una nguvu, halafu unashuka haraka na kubaki hafifu kwa saa nyingi. Mwanzoni niliona ni kasoro. Lakini mjomba anapandisha mshipi kila mara, na juu ya mtumbwi kuna karabai, siku hizi taa ya sola. Nusu dakika chini ya taa, samaki ameshiba tena. Taa inayowaita dagaa ndiyo inayomlisha dagaa wa uongo.

Sasa, kwa nini nihangaike hivi wakati vyenye betri vimejaa madukani? Kwa mwenzangu wa ofisini lilikuwa suala la pesa. Kwa mjomba ni suala jingine. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, pale pale Kalemie kwa kaka mlinzi, lakini maji mengi zaidi yanatoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Maji yaliyomo hukaa mamia ya miaka. Na chambo hupotea, mvuvi yeyote atakwambia: samaki anakata uzi, ndoano inanasa kwenye mwamba. Kila kinachopotea na betri ndani kinabaki humo. Nilipomweleza mjomba kuhusu vile vya betri, alisema tu: "Kinachozama hapa hakiendi kokote. Na sisi tunakunywa hapa hapa."

Hapo nikaona aibu na resini yangu pia. Mwili sasa nauchonga kwa mti, matawi ya mjakaranda yaliyoanguka baada ya mvua za hapa mtaani. Resini imebaki kama ngozi nyembamba tu ya kuukinga unga. Si safi kabisa, nakiri. Ni bora kuliko jana.

Kulikuwa na swali moja zaidi, na ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Mjomba alikaa nchi kavu miezi mitatu, anashona nyavu na kuhesabu siku. Hakulalamika sana. Alisema giza la siku hizi si kama giza la ujana wake, na giza kwao ni zile siku zisizo na mbalamwezi, siku za kazi. Uvuvi umezidi, na ziwa lenyewe limepata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu yakipata joto yanakataa kuchanganyika na ya chini, na chakula kilicho chini hakipandi.

Kwa hiyo nilipomwambia chambo changu kiko tayari, akauliza: "Mwanangu, hicho kitu kitaongeza samaki ziwani, au kitatuongezea sisi mbio za kuwamaliza?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nikamwambia ninachokiamini: wavu wa matundu madogo unazoa kila kitu, na watoto wa mgebuka wakiwemo. Ndoano kubwa yenye chambo cha sentimita 8 inachagua mkubwa. Sikutengeneza kitu cha kuvua wengi. Nilijaribu kutengeneza cha kuvua wachache wenye ukubwa wa kutosha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi lete. Tutaona."

Nilituma watano na mama alipokwenda kwenye msiba. Matokeo? Mwenzangu alirudi Kariba na samaki wake akiwa na alama za meno pande zote mbili na picha za taigafishi wawili, sasa kila mtu ghorofa ya 14 ananidai. Kigoma, giza la kwanza, mjomba alifunga wangu upande mmoja na nyuzi za kiroba upande wa pili. Aliniletea taarifa kwa sauti, nami nimeihifadhi:

"Chako watatu. Kiroba wanne. Lakini chako, mwanangu, kinametameta. Hilo umelipata."

Kiroba ni bure, wangu wananigharimu mchana mzima wa Jumamosi. Nimeukubali ushindi wa kiroba. Ila hilo neno la mwisho nimelisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Kazi ya wiki hii, kama kawaida yetu. Mpigie mtu mmoja wa nyumbani, mzee kuliko wewe. Usimuulize "hii kwa Kiswahili inaitwaje". Mwulize kitu kinavyofanya: mvua inanyeshaje kwao, moto wa kuni unazimikaje, samaki anageukaje. Andika kitenzi atakachokitumia na ututumie kabla ya Alhamisi, tutavisoma vyote kwenye kipindi. Na akikucheka kwanza, mwache acheke. Subiri amalize, kisha uulize tena.